Fayamani Aliyepika Mawingu

Nimeishi na wajinga wengi, na kwa miaka kadhaa nimekuwa mmoja wao, lakini mjinga mwenye ratiba kama Fayamani sijaona mwingine. Mjinga wa kawaida hukosea, akarudi nyumbani akalala. Huyu alikosea kwa saa. Alikuwa na saa ya mfukoni yenye mnyororo, na kila upuuzi wake ulianza kwa dakika yake na kuisha kwa dakika yake, na ukichelewa kufika kwenye upuuzi huo alikukaripia mbele ya mkeo.

Jina lake nalijua. Silitaji, maana ana wajukuu wazuri, mmoja ni nesi aliyewahi kunitoa mwiba gotini bila kunicheka. Sisi huku Mbololo tulimwita Fayamani kwa sababu ndiyo kazi aliyofanya reli: yule anayechochea moto wa gari moshi, zamani kwa kuni, baadaye kwa mafuta mazito meusi, boila ichemke, stimu ijae, halafu dereva avute chuma chake aonekane yeye ndiye mwanamume. Alistaafu stesheni ya Voi, akapanda mlima kwetu na sanduku la bati. Kwangu alikuwa mjomba wa mke wangu Wakesho. Kwa hiyo ilibidi nimwite mzee na nimpishe kiti, hata siku zile nilizotamani kumpisha mlango.

Nianze na kofia. Kofia ya reli, nyeusi, ukingo wake wa mbele unang'aa. Aliivaa akilima, aliivaa akila, na kanisani aliivua kwa shingo upande akaipakata kama mtoto mchanga. Mvua ikidondoka, hata manyunyu tu, aliitia ndani ya shati akakimbia. Mtu aliyetutesa miaka yote ile kwa ajili ya mvua, mwenyewe aliikimbia kama paka.

Wakesho alimwuliza siku moja, "Mjomba, si ndiyo hii uliyokuwa ukiitaka?"

"Naitaka shambani," akajibu akiwa amejibanza ukutani. "Sikuagiza ya mgongoni."

Halafu kulikuwa na koleo. Alipika maini juu ya koleo, kama watu wa reli walivyofanya zamani, analisugua kwa majivu, analiweka juu ya makaa, maini yanaruka kidogo na kuiva. Yalikuwa matamu, siwezi kusema uongo. Kila aliyepita alikatiwa kipande. Alisema koleo lile lilitoka kwenye injini yake ya mwisho. Nikamwambia, "Mzee, lakini injini yako ya mwisho si ilikuwa ya mafuta? Koleo la nini?" Kwa siku mbili hakunisalimu. Ndivyo alivyokuwa. Ukimwonyesha shimo kwenye hadithi yake, hakuliziba wala hakulikubali, alilizunguka tu na kuendelea na safari.

Sasa fikira yake kubwa ilikuwa hii, na naiandika kama alivyoisema, nisije nikaambiwa nimeipindua. Gari moshi lina stimu. Stimu hupanda juu. Ikifika juu inakuwa wingu. Wingu la Voi husukumwa na upepo mpaka milima yetu, linagonga, linamwaga. Kwa hiyo miaka yote ile tulipokuwa tukivuna, tulikuwa tunakula jasho la mafayamani bila hata kuwashukuru. Kisha wakaleta injini za dizeli. Dizeli inatema nini? Moshi mkavu. Wingu kavu lina mvua gani?

Alilisema hilo barazani kwa chifu, amesimama, saa mkononi. Na ubaya wake ni kwamba lilisikika kama akili, kwa sababu mvua kweli ilikuwa imetuacha. Ilikuwa miaka ile ndovu wa mbugani walipokuwa wakianguka wenyewe, na upepo ukitoka upande wa Tsavo unafunga dirisha kwa uvundo wa mizoga. Mahindi yalifika magotini yakajikunja kama vidole vya mzee. Watu walikuwa wanatafuta wa kumlaumu. Wengine walisema ni magauni mafupi ya wasichana. Wengine walisema wazee wa zamani wamekasirika. Fayamani alikuja na mlaumiwa mpya kabisa, wa chuma, ana magurudumu, na hawezi kuja barazani kujitetea.

Mimi nilisoma mpaka darasa la tatu, na hilo la tatu lenyewe nusu, mbuzi wa baba ndio walionitoa. Lakini niliinua mkono.

"Mzee, samahani. Na kabla reli haijajengwa, mvua ilikuwa inatoka wapi?"

Akanitazama chini ya ukingo wa kofia. "Ulikuwepo?"

"Sikuwepo."

"Basi kaa."

Baraza zima likacheka, na waliyemcheka ni mimi. Ndiyo maana nasema ujinga haukuwa wake peke yake. Yeye alikuwa boila tu. Tuliochochea tulikuwa wengi.

Na redio nayo ilimsaidia. Alikuwa na redio ndogo ya betri, akaisikia ikisema kwamba kule bara, kwenye majani chai, watu wanayapiga mawingu kwa roketi ili mvua ya mawe isiwaharibie majani. Kama ni kweli mimi sijui, sijafika. Lakini tangu siku hiyo hakukamatika. "Wenzetu wanayapiga mawingu," alisema, "na nyinyi mnashangaa mimi nikiyalisha!"

Kuyalisha. Ndilo neno lake.

Kabla sijaeleza alivyoyalisha, lazima nieleze maji yetu, la sivyo hutaona kiasi cha hasara. Juu ya ukingo wa mlima palikuwa na fighi, yaani ule msitu wa ibada wa wazee wetu, ambao hata tawi kavu huliokoti. Miti mikubwa, imevaa ndevu za kijani, na asubuhi za baridi ukungu ukitambaa humo unasikia tip, tip, tip, na huku nje mbingu ni kavu. Chini ya fighi palitoka chemchemi, na kutoka chemchemi ukatoka mfereji, na mfereji ukapita katika mashamba yetu yote kwa zamu. Zamu yangu ilikuwa Jumatano. Asubuhi natoa jiwe, naweka gogo la mgomba, maji yanageuka kuingia kwangu, na jioni namwachia wa chini yangu. Hapo Wakesho alikuwa na sukuma wiki, nduma, ndizi, na maharagwe ambayo hayakujua kiangazi ni nini. Mvua ikija ikikosa, watoto wetu walikula mfereji ule. Baba yangu alikula mfereji ule. Hata miaka ya ndovu, ulipungua ukawa kama mkono wa mtoto, lakini haukukatika.

Basi, akili ya Fayamani. Apate mapipa ya chuma, yale ya mafuta, ayapange juu ukingoni ambapo mawingu hupita chini chini. Kila pipa juu ya mafiga ya mawe. Ndani maji. Chini kuni mbichi, kwa sababu kuni mbichi hutoa moshi mzito na stimu yake ya ziada. Mawingu yakipita yanakuta stimu, yanaongezeka uzito, yanamwaga. Na maji ya kujaza mapipa yatoke wapi? Chemchemini. Kila nyumba debe moja, na mzigo mmoja wa kuni.

Soma tena kama hukunielewa. Maji machache tuliyokuwa nayo, tuliyabeba kichwani kuyapandisha mlima, kwenda kuyapika, ili tupate maji.

Na kuni mbichi zitoke wapi, huko juu? Palikuwa na miti mahali pamoja tu.

Hapo ndipo wazee wawili watatu walipoguna. Fayamani aliwangojea. Yeye alikuwa mzee wa kanisa, na jambo alilolidharau kuliko dizeli ni waganga wa mvua. Alisema mtu anayechinja kondoo mweusi ili mvua inyeshe anastahili kupimwa kichwa. Aliyarudia hayo baadaye, amesimama kando ya pipa la maji yanayochemka, na mimi peke yangu nikaona kichekesho.

"Fighi ni nini?" akauliza. "Ni hofu ya babu zenu. Nyinyi ni Wakristo au ni nini? Mungu aliumba mti wa kutisha watu?"

Nani atasimama mbele ya watu aseme anauogopa mti? Hata mimi sikusimama. Mapanga yakaingia fighi Jumatatu asubuhi, saa moja kamili, Fayamani akipuliza filimbi. Mimi nilikata mti mmoja. Nimezoea kuwaambia watu mmoja. Ilikuwa saba, mwaka ule wa kwanza peke yake.

Wakesho hakupeleka debe. Fayamani akaja mpaka jikoni kwetu kumwuliza, ameshika kitabu alichoandika majina ya nyumba.

"Mwanangu, hapa kwako sijaona alama."

"Hutaiona, mjomba."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu sufuria yangu nikiipika mpaka ikauke, sipati uji mwingi. Napata sufuria iliyoungua."

"Wewe hujui stimu."

"Mimi najua sufuria."

Nilicheka, nikakohoa kuficha. Lakini jioni nilipeleka debe mimi mwenyewe, kwa siri, maana sikutaka kuitwa mtu aliyewanyima wenzake mvua. Wakesho alijua. Aliona debe limelowa nje. Akaligeuza kifudifudi likauke, akaendelea kupika.

Tulipika siku kumi na moja. Ungetuona! Mapipa tisa mstari mmoja kama mabehewa, watu wazima wamekodoa macho mekundu kwa moshi, na Fayamani anatembea kutoka pipa hadi pipa na kitambaa chake cha mafuta, anagonga pipa kwa kidole, anatega sikio, anasema, "Hili bado halijapata presha." Pipa wazi juu! Presha ipi? Hata mimi wa darasa la tatu najua chungu kisicho na kifuniko hakina presha. Lakini aligonga, akasikiliza, na watu wakasikiliza naye.

Siku ya kumi na moja ikanyesha.

Ilikuwa mwezi wa vuli, mwezi ambao hunyesha. Ilinyesha Mwatate, ilinyesha mpaka Makwasinyi kule Kasigau ambako hakuna aliyepika hata chai ya ziada. Lakini sisi tuliimba. Wanawake walichuma majani ya kumtawaza, chifu akamtafuta amshike mkono, na yeye? Yeye alikuwa amekimbilia chini ya bati la bafu la shule na kofia ndani ya shati, anatupungia.

Mvua ile moja ilitugharimu kuliko kiangazi chochote. Kama isingenyesha, tungemcheka mwezi mmoja na fighi ingebaki. Iliponyesha, akawa bwana mkubwa. Tangu hapo, kila msimu ulipochelewa, filimbi ililia. Ikinyesha, Fayamani ameweza. Isiponyesha, ni sisi: mlileta kuni kavu, mlichelewa dakika ishirini, nyumba fulani haikutoa debe, upepo ulibadilika bila taarifa. Hakuwahi kushindwa yeye. Nimewajua wanasiasa wenye aibu zaidi.

Alikuwa na maneno yake aliyoyapenda. Mtoto akilia: "Fungua vali." Mtu akikasirika: "Huyu stimu imemjaa, atapasuka." Akikuona umekaa kivulini: "Injini baridi haivuti behewa." Kwenye mazishi ya mama mkwe wangu alisimama kutoa neno la faraja, akasema marehemu amefika stesheni yake kwa wakati. Mama yule alikuwa ameugua miaka sita. Wakati upi huo? Lakini watu walilia, wakasema ameongea vizuri.

Na siwezi kukataa, nyumbani kwake hakupoteza tone. Alinawa uso kwa nusu kikombe, maji hayo hayo akamwagia mchicha. Alimpiga mjukuu kofi kwa kuacha mtungi wa maji wazi. Mtu huyo huyo alipandisha mapipa tisa ya maji mlimani yakageuka moshi. Nimekaa na jambo hilo miaka mingi na bado halikai sawa kichwani mwangu. Mwenye kujua kusoma zaidi anieleze.

Haya, fighi iliisha. Haikuisha kwa siku moja. Ilikuwa kama kichwa cha mwanamume kinavyopata upara, hakuna asubuhi unayosema leo ndiyo leo. Mwaka mmoja ukaona anga kati ya shina na shina. Mwaka mwingine ukaona Voi yote kutoka pale tulipokuwa hatuoni hata jua. Ukungu ulikuja kama zamani, asubuhi za baridi, ukapita juu ya visiki, ukaenda zake. Haukupata wa kuushika. Ile tip, tip, tip haikusikika tena.

Na mfereji ukawa wembamba. Nilikuwa natoa jiwe Jumatano asubuhi, maji yanafika kwangu saa sita. Kisha saa tisa. Kisha Jumatano moja niliketi kwenye gogo la mgomba mpaka jioni, nikaona udongo wa mfereji wangu umelowa kidogo, kama mtu aliyetema mate, basi. Nikapanda mpaka chemchemini. Palikuwa na tope, na nyuki wamekaa juu ya tope wananyonya. Nikarudi. Wakesho alikuwa mlangoni.

"Yanakuja?"

"Hayaji."

"Wiki ijayo?"

Aliingia shambani akang'oa sukuma wiki zote jioni ile, zilizokomaa na changa, akazigawa kwa majirani kabla hazijanyauka. Nduma alizichimba kesho yake. Tangu siku hiyo maji ya nyumba yetu yalitoka bombani, chini kabisa karibu na barabara kuu, mwendo wa saa mbili kushuka, na kupanda usiniulize. Alikwenda kila siku. Shingo yake ilibadilika, ninyi mliomjua miaka ya mwisho mlidhani aliumbwa hivyo.

Hapo ndipo niliposimama barazani mara ya pili. Fayamani alikuwa anapanga upishi mwingine, anasema sasa tatizo ni mapipa machache, tuombe serikali mapipa ishirini. Nikasema, "Mzee, huu ni upuuzi. Ulikuwa upuuzi siku ya kwanza. Umetupikia chemchemi yetu mpaka imekauka, na tuliokata kuni ni sisi, na mimi nimo. Sasa utachemsha nini? Mkojo?"

Hakuna aliyecheka. Fayamani alitoa saa, akaitazama, akairudisha. "Baba Mghoi ana stimu," akasema akinielekezea kidole, akaketi. Lakini mapipa hayakuongezwa. Watu walianza kupita mbali na nyumba yake. Ukiwa umeshiriki ujinga na mtu, hutaki kuonana naye. Maini yaliiva juu ya koleo na hakuna aliyepita. Mimi nilimdharau waziwazi. Nikimkuta njiani namsalimu, "Shikamoo mzee, leo unapika nini?" na naendelea kabla hajajibu. Wengine walimsema nyuma ya mgongo. Mimi nilimwambia machoni, nikaona hiyo ni heshima.

Ikaja njaa ile ya mahindi ya manjano, yale ya msaada, ambayo ugali wake ulinuka gunia. Asubuhi moja ya baridi mbuzi wangu mmoja alipotea, nikapanda kumtafuta mpaka ukingoni, mahali pa fighi. Sikuwa nimefika pale miaka miwili. Ukungu ulikuwa mzito, naona miguu yangu tu. Nikasikia tone. Nikasimama. Nikasikia lingine.

Niliposogea nilimkuta Fayamani. Alikuwa amekonda, koti linamning'inia kama limeanikwa. Alikuwa amesimika nguzo nne ndefu kati ya visiki, na kati ya nguzo amefunga kamba za mkonge, nyingi, karibu karibu, kama nyuzi za mfumaji, na magunia yaliyofumuliwa yakabaki nyavu. Chini amelaza bati lililokunjwa, linaelekea kwenye debe. Kila kamba ilikuwa na shanga za maji. Zinashuka polepole, zinakutana, zinaanguka batini. Tip, tip, tip.

Sikusalimu. Yeye ndiye aliyeanza, kwa salamu ya kwetu ya asubuhi.

"Kwawuka, Baba Mghoi. Umekuja wakati mzuri." Aliongea taratibu, bila amri yoyote sautini. "Nilianika gunia kwenye ua, jioni likiwa kavu. Asubuhi nikalikuta linadondosha, na mvua haikuwepo. Nikauliza, gunia limeyatoa wapi? Nimekuja kulijaribu huku juu. Unaona? Maji yanapita hapa kila siku. Yanataka tu mahali pa kushika." Akatazama visiki. "Labda na miti..."

"Miti nini, mzee?"

"Labda na miti ilikuwa... kidogo."

Ndiko alikofika. Miaka yote ile, shingo ya Wakesho, Jumatano zangu, na mtu ananiambia kidogo. Hasira niliyoisikia haikuwa ya moto. Ilikuwa baridi kama pale tuliposimama.

Alichota kwa kikombe cha bati, akanishikisha kwa mikono miwili. "Mimi pua na ulimi vimekufa, ni moshi wa miaka mingi. Sisikii ladha yoyote. Wewe onja uniambie. Kama ni mazuri, wiki ijayo naita watu. Nguzo hamsini, mia, kamba si ipo tele kule Mwatate? Kama ni mabaya niambie."

Nikanywa. Maji yale yalikuwa baridi, mepesi, matamu. Yalikuwa maji ya mfereji. Ningeyatambua hata nikiwa nimefungwa macho. Yeye alikuwa ananitazama mdomo, kama mtu anayengoja bendera ya kijani.

Nikayatema chini.

"Machungu," nikasema. "Mkonge umeyaharibu. Hata mbuzi hatakunywa."

"Kweli?"

"Kweli, mzee. Usije ukawaua watu."

Akaitikia kwa kichwa mara mbili. Nikashuka. Mbuzi nilimkuta njiani anakula ua wa mtu.

Nyumbani nilimsimulia Wakesho nikicheka. Nilimwigiza jinsi alivyoniangalia mdomo. Alikuwa anafunga ngata ya kichwani, tayari kushuka bombani. Hakucheka.

"Debe lilikuwa na kiasi gani?"

"Nusu. Zaidi ya nusu."

"Kwa asubuhi moja?"

"Ndiyo."

"Yalikuwaje?"

"Matamu," nikasema.

Aliweka mtungi chini. "Panda umwambie."

Nilisema nitapanda kesho. Kesho palikuwa na kazi. Kesho kutwa palikuwa na kazi nyingine, hata siikumbuki ilikuwa kazi gani. Siku ya tatu nilipanda. Kamba zilikuwa zimeshafunguliwa, zimeviringishwa vizuri, kila moja fundo lake, na magunia yamekunjwa pembe kwa pembe. Nguzo tatu zilikuwa chini. Alikuwa anahangaika na ya nne, anaitikisa kwa bega, nguvu hana.

"Mambo ya kitoto," akasema aliponiona. Alitabasamu, meno machache. "Afadhali ulipita, Baba Mghoi. Ningewaita watu wote hawa tena, kwa jambo la bure. Huku mlimani kote wewe peke yako ndiye usiyewahi kunidanganya."

Nafasi ya kusema ilikuwepo. Ilikuwa kubwa, ilikaa pale katikati yetu, na yeye amepumzika, ananisikiliza. Nilifungua mdomo, nikasema, "Wacha nikusaidie, mzee."

Nikaing'oa ile ya nne. Nikaziweka zote begani nikashuka nazo mpaka kwake, yeye nyuma yangu na bunda la kamba. Ukungu ulikuwa umezilowesha usiku kucha, zilikuwa nzito, na njia nzima maji yalikuwa yakinidondokea shingoni.